Baba ameng'oa miche yangu ya parachichi: je, sheria inaweza kunipa sehemu yangu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 35, mtoto wa pili kati ya wanaume watatu, na kwetu ni Kibosho, kwenye Mlima Kilimanjaro. Nilirudi nyumbani mwaka 2020 baada ya kupoteza kazi ya hoteli Arusha, na tangu hapo ndiye ninayekaa na wazazi. Baba ana miaka 71, na amekaa kijijini maisha yake yote. Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ni kama ekari moja na nusu, kimejaa mibuni mizee isiyozaa. Baba ananiruhusu kulima nyanya na maharage, lakini nilipopanda miche sita ya parachichi aliing'oa yote na kuiweka mlangoni kwangu, mizizi ameifunga kwa majani ya mgomba. Kaka yuko Dar es Salaam, mdogo wetu yuko Mwanza, na wote hawana habari na shamba. Dada yetu hutuma fedha za dawa. Krismasi iliyopita, mbele ya ukoo, nilimwambia baba kwamba wao wazee wamekula wakamaliza na sasa wanataka kutuzika pamoja nao. Hatujasemeshana tangu siku hiyo. Kwa nini wazee wetu wanatuchukia sisi vijana, na je, sheria inaweza kunipa sehemu yangu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi na halitakufurahisha. Hakuna sheria Tanzania Bara inayompa mtoto mtu mzima haki ya kudai sehemu ya ardhi ya mzazi ambaye bado yu hai. Urithi huanza pale mtu anapofariki. Kabla ya hapo kihamba ni cha baba yako, na ulicho nacho wewe ni matumaini tu. Baraza la ardhi la kijiji litawaita mkae msuluhishwe, baraza la kata tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 limebakiwa na kazi hiyohiyo ya kusuluhisha, na ukifika baraza la ardhi na nyumba la wilaya utaulizwa swali moja usiloweza kulijibu: ulikabidhiwa lini, na mbele ya nani? Kama baba yako angekuwa amekwisha kukukatia kipande mbele ya ukoo na majirani, masale, ile mimea ambayo Wachagga huweka mipaka nayo, yakapandwa mpakani, hapo ungekuwa na la kusema. Hujakatiwa. Nimeona vijana waliompelekea baba samansi, na sijaona hata mmoja aliyerudi na shamba. Waliporudi walikuta ndugu waliokuwa upande wao wamehamia upande wa mzee, kwa sababu kumshitaki baba ni jambo ambalo ukoo haulisamehei haraka hata pale unapokubali kwamba baba amekosea.

Hilo likiwa limekwisha, turudi kwenye miche, maana katika barua yako yote hakuna jambo lililonishika kama lile la majani ya mgomba. Umelitaja kwa kupita, kama ushahidi wa ukatili wa baba yako. Mimi ninalisoma kinyume kabisa. Mtu anayetaka kukukomoa huing'oa miche yako akaiacha juani, au huikata kwa panga pale pale ilipo, na kazi inaishia hapo. Baba yako aliichimba, akaitoa na udongo wake, akaenda kukata jani la mgomba, akafunga mizizi ya mche mmoja baada ya mwingine ili isikauke, kisha akakuletea mlangoni. Mzee wa miaka 71 kuinama mara sita kwa kazi ya namna hiyo ni shughuli ya asubuhi nzima. Alichokuwa anakuambia, kwa mdomo ambao hajauzoea kwa mambo kama haya, ni kwamba miche hana ugomvi nayo. Ugomvi wake ni mahali ilipopandwa.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wewe umeliona kuwa ukaidi tu. Unashangaa kwamba anakuruhusu kupanda nyanya na maharage, mazao yanayochukua ardhi ileile na maji yaleyale ya mfongo, yaani mfereji wetu wa kumwagilia, lakini parachichi anakataa. Katika mila ya ardhi kule mlimani, na kwa kweli katika sehemu kubwa ya nchi hii, zao la msimu ni ruhusa na mti wa kudumu ni dai. Maharage ya mtu yakivunwa, ardhi inarudi kwa mwenyewe kama ilivyokuwa. Mti unakaa. Aliyepanda mti ana neno juu ya mti, na mwenye neno juu ya mti, baada ya miaka kumi, ana neno juu ya udongo unaoushikilia. Ndiyo maana hata mtu anayekodishwa kipande kule porini kwenye tambarare huambiwa mapema asipande chochote kisichovunwa kwa msimu mmoja. Wewe ulidhani unapanda zao lenye soko. Baba yako aliona mwanawe wa pili anaweka mpaka ndani ya kihamba bila kumuuliza mtu yeyote.

Nimesema mwanawe wa pili kwa makusudi. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba kwa desturi ya Wachagga kifungua mimba hupewa kihamba chake anapooa, na kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka, pamoja na wajibu wa kuwatunza hadi mwisho. Wa katikati hakuwa ametupwa: zamani alikwenda kwa mangi, yaani chifu, akaomba eneo lisilo na mtu, akafyeka, akapanda migomba, akaanza kihamba kipya kwa jina lake. Desturi ile ilitungwa na watu waliokuwa na msitu wa kufyeka. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ile ya mwaka 2022 ilihesabu 61,741,120, na mlima haukuongezeka hata hatua moja. Juu yenu msitu umeunganishwa na Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, chini yenu mji wa Moshi unapanda kuelekea kwenu. Mangi wa kuombwa ardhi hayupo, kwa kuwa mamlaka ya machifu yalifutwa nchi ilipokwisha kupata uhuru, na hata angekuwepo asingekuwa na cha kugawa. Kwa hiyo desturi inayokupeleka kwenye msitu bado ina nguvu nyumbani kwenu, ila msitu wenyewe haupo.

Sasa jiweke mahali pa baba yako. Mtoto ambaye desturi inamtambua kuwa mrithi wa nyumba yuko Mwanza na haonekani. Mtoto ambaye desturi haimpi kitu ndiye anayemchotea maji, anayempeleka hospitali, na anayelala chumba cha pili usiku anapokohoa. Akikuruhusu kupanda miti ya kudumu, amemnyang'anya kitinda mimba bila kikao. Akikukataza, amemuumiza mtoto pekee aliye karibu naye. Na kukueleza hayo waziwazi, kwamba wewe unayemtunza huna fungu, ni maneno ambayo mzee mwenye aibu zake hawezi kuyatoa. Basi anasema vijana wa siku hizi ni wavivu, hawana subira, wanataka vya haraka. Kwenye vikao vya namna hii nimejifunza kwamba mzee anapoanza kulaumu kizazi kizima, mara nyingi kuna jambo moja la nyumbani ambalo linamshinda kulitamka.

Nawe ulifanya vivyo hivyo siku ile ya Krismasi. Ulikuwa na neno moja kuhusu kipande kimoja cha ardhi, ukatoa hukumu juu ya wazee wote. Tena ulichagua siku ambayo watu wote wamerudi migombani, wale Wachagga wa mjini wanaotaniwa kila Krismasi kwamba wamekwenda nyumbani kuhesabiwa, wakwe wamo, watoto wadogo wamo, mbuzi amechinjwa na mbege iko mezani. Sikatai kwamba katika hasira yako kuna ukweli. Wapo watu wa rika la baba yako waliomaliza shule wakakuta ajira ya serikali inawasubiri, wakapewa nyumba ya kuishi, wakastaafu na kiinua mgongo, na leo wanawaambia wenye shahada wanaoendesha bodaboda kwamba hawajitumi. Wakiulizwa, wanastahili kujibu. Lakini kwa barua yako mwenyewe baba yako hakuwa mmoja wao. Amekaa kijijini maisha yake yote. Ulimlaumu kwa karamu ambayo yeye pia hakualikwa.

Nikuombe uhesabu miaka yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu mwaka 1976, wakati baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipokuwa imeipandisha bei ya kahawa duniani kuliko ilivyowahi kuonekana, na mwaka huohuo serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wa mwaka 1933, ukiwa miongoni mwavyo, kahawa ikawa mikononi mwa mamlaka ya zao. Vyama vilirudishwa katika miaka ya themanini. Mwezi Julai 1989 mgawo wa kuuza ambao mkataba wa kimataifa wa kahawa ulikuwa unazipangia nchi ukasitishwa, na bei ikaporomoka ndani ya miezi michache. Baba yako alikuwa na umri kama ulio nao wewe leo. Baada ya hapo ruzuku za pembejeo ziliondoka, dawa ya magonjwa ya mibuni, chulebuni na kutu ya majani, ikawa ghali kuliko kahawa inayookolewa nayo, na kile ambacho baba yake, yaani babu yako, alikiita benki, kikageuka kuwa vichaka vya kivuli. Hata hivyo ada yako ya shule, sehemu yake kubwa, ilitoka humo, kilo kwa kilo. Unapomwambia kwamba mibuni ile ni mizee isiyozaa, unasema kweli kuhusu mibuni. Ila yeye anasikia habari zake mwenyewe.

Hadi hapa nimekueleza hisia, na hisia pekee hazitoshi kueleza kwa nini watu wazima wenye akili wanashindana kwa miaka. Chini yake kuna jambo ambalo nadhani ndilo kiini, na kama ukilishika utajua la kufanya. Kihamba kilikuwa na kazi mbili. Kilikuwa mtaji wa kijana anayeanza maisha, na kilikuwa pensheni ya mzee anayeyamaliza. Zamani kazi hizo hazikugongana, kwa sababu kijana alianza kwenye kihamba kingine, na pia kwa sababu wazee hawakukaa sana. Tanzania ilipopata uhuru mwaka 1961 wastani wa umri wa kuishi ulikuwa takriban miaka 44. Leo umepita 65. Ni kweli kwamba wastani ule wa zamani ulishushwa sana na vifo vya watoto wachanga, na wazee wa miaka themanini walikuwepo tangu enzi. Lakini hawakuwa wengi kama leo, ambapo baba mwenye afya anaweza kufika miaka 90, na mwanawe akakabidhiwa kihamba akiwa na miaka 55, magoti yamechoka na watoto wake wenyewe wanamwuliza fungu lao liko wapi. Huo ni muda mrefu wa kungoja, na hakuna desturi iliyotungwa kuuhudumia.

Na mzee wa kijijini akikabidhi ardhi, anabaki na nini? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ikaanza mwaka 2018 kuwapa wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya. Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, lakini malipo ya kila mwezi kwa kila mzee hayapo. Mkulima ambaye hakuchangia mfuko wowote hana mafao yoyote. Heshima anayopewa, kiti anachowekewa kikaoni, sehemu ya nyama anayotengewa, utayari wa wakwe kumsikiliza, vyote vinakaa juu ya ukweli kwamba bado yeye ndiye mwenye kihamba. Ameona majirani waliogawa mapema wakawa wanaomba chumvi kwa mkamwana. Kwa hiyo ukimwendea na kusema nipe, hata ukisema kwa upole gani, anasikia unamwambia astaafu bila mafao.

Nililijua hili kwa kuumia. Nilipokuwa na miaka kama yako nilimwendea baba yangu mzazi na karatasi ya hesabu, faida ya ng'ombe wawili wa maziwa kwenye kipande kilichokuwa kimelala, kila kitu nimekipiga mstari kwa rula. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa pili ambao haukuwa na maandishi, akauliza, “Na mimi niko wapi humu?” Niliudhika. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba lilikuwa swali la kawaida la fedha, tena swali zuri, na kwamba nilikuwa nimeandika bajeti ya nyumba nikamsahau mwenye nyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ugeuze mpangilio wa mazungumzo. Usianze na fungu lako. Anza na uzee wao. Kabla hujazungumza na baba, zungumza na mama, jambo ambalo barua yako haionyeshi kama umelifanya. Kwenye kihamba kahawa ni ya baba, lakini ndizi na maziwa ni vya mama, na fedha anazopata kwa kuuza ndizi za mchare sokoni ndizo zinazonunua sukari, sabuni na mafuta ya taa bila kumwomba mtu. Ile miche sita uliipanda wapi? Kama uling'oa migomba ili kuipa nafasi, inawezekana aliyeumia kwanza hakuwa baba, na baba alipong'oa miche alikuwa anatekeleza malalamiko aliyoyasikia usiku. Kivuli cha mparachichi uliokomaa ni kizito, na migomba iliyo chini yake haitakuwa na mikungu uliyoizoea. Mama akikuambia kipande gani kinaweza kutolewa bila kumgusa yeye, umepata wakili ambaye baba yako hawezi kumpuuza.

Kisha kuna ndugu zako. Umeandika kwamba hawana habari na shamba. Kutolitumia si kuliachia. Siku utakayovuna tani ya kwanza ya parachichi utashangaa jinsi Mwanza ilivyo karibu. Mpigie mdogo wako simu sasa, wakati bado hakuna cha kugombea, umwulize waziwazi kama anakusudia kurudi kukaa pale na wazazi, na kama hakusudii, yuko tayari kulisema hilo mbele ya baba. Neno lake lina uzito kuliko lako, kwa sababu desturi imemtaja yeye. Kaka yako vilevile, ingawa yeye pengine alikwisha kupewa chake. Na dada. Katika barua nzima umemtaja mara moja tu, kama mtu anayetuma fedha za dawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ileile ya kupata na kumiliki ardhi aliyo nayo mwanamume, na hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi ya ukoo aliyorithi kwa baba yake, ilikataa kanuni ya kimila iliyomzuia. Mtu anayelipia dawa za baba ana haki ya kuketi kwenye kikao kinachopanga uzee wa baba. Usipomwita mapema, atakuja akiwa amechelewa na amekasirika, na atakuwa na haki.

Lakini kikao hakiwezi kukaa wakati hamjasemeshana, na hapa sina ushauri mpya kuliko ule uliopandwa mpakani kwenu. Chukua isale, jani la masale ambalo Mchagga humpelekea aliyemkosea kuomba radhi. Najua wapo vijana wanaoona haya, wengine kwa sababu ya kanisa na wengine kwa sababu wanadhani ni mambo ya kizamani, ingawa wazee wa kanisa wenyewe wanalitumia. Mtafute mzee ambaye baba yako anamheshimu, ndugu wa baba au jirani wa rika lake, umweleze ulichosema Krismasi bila kukipunguza, naye apeleke jani au aende nawe. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusikiliza; hilo baba yako analijua kuliko mimi. Omba radhi kwa jambo moja tu, yaani kumdhalilisha mbele ya watu, na wala usiombe radhi kwa kutaka kulima, kwa kuwa hilo si kosa. Siku hiyo usitamke neno ardhi wala parachichi. Akilitamka yeye, sikiliza.

Baada ya wiki mbili tatu, ukoo mdogo ukikaa, peleka pendekezo linaloanza na yeye. Kwamba nyumba, makaburi na kahawa iliyo mbele ya nyumba havitaguswa maadamu yu hai, na kwamba yeye ndiye mwenye kihamba na ataendelea kuitwa hivyo. Kwamba mibuni hiyo utaihudumia wewe kwa mikono yako: ile yenye shina zima ikatwe ichipue upya, ambayo huanza kuzaa tena baada ya takriban miaka miwili, na iliyokufa ibadilishwe kwa miche chotara ya kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, na kwamba malipo ya kahawa yataendelea kuwa yake. Kwamba wewe utapewa kipande fulani, robo ekari, chenye mipaka inayoonekana, na parachichi likianza kuzaa, jambo litakalochukua kama miaka mitatu, sehemu fulani ya kila mauzo itakwenda kwao kabla hujagusa yako. Taja kiasi. Wazee wengi wamechoshwa na ahadi zisizo na tarakimu. Na ikiwa atasema anataka kuona kahawa yake imehudumiwa msimu mmoja kwanza ndipo mzungumze habari ya miti, kubali; anakupima, na kipimo hicho ni cha haki.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja, mama na ndugu wote watie sahihi pamoja na majirani mnaopakana nao. Kama kijiji chenu kinatoa hatimiliki za kimila, sheria inaruhusu itolewe hata kwa familia, na hilo linaweza kumtuliza mzee kuliko kugawa vipande vidogo ambavyo mtoto wa kaka yako atakuja kuviuza kwa mtu wa mjini. Na kama baba atapenda kuandika wosia, usiushike wewe. Kwa kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia ulioandikwa na mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Ule wa mdomo unahitaji wanne, wawili na wawili. Nyaraka nyingi ninazoletewa huanguka hapo, kwa sababu mashahidi wote ni watoto wanaofaidika. Tena, kabla ya kung'oa mbuni wowote, hata uliokauka, mwone bwana shamba wa kata, kwa kuwa kahawa ni zao lenye sheria yake.

Inawezekana pia atakataa. Wapo wazee ambao hofu yao haitulizwi na karatasi, na ningekudanganya kama ningesema kila isale huzaa shamba. Hapo utakuwa na uchaguzi mgumu lakini ulio wazi: kukodi kipande porini kwa mazao ya msimu na kubaki karibu nao, au kwenda kutafuta ardhi mahali pengine kama walivyofanya watoto wa katikati wengi kabla yako, ambao wamejaa Morogoro, Manyara na kwingineko. Ukiondoka, ondoka ukiwa umeaga. Na ukibaki, usibaki kwa kusubiri kifo cha mtu, kwa maana mzee ambaye mwanawe anahesabu siku zake hugundua haraka, na huishi kwa kukuonyesha.

Kuhusu miche yenyewe, kama bado iko hai, itoe kwenye hayo majani, kila mmoja uuweke kwenye kifuko kikubwa chenye udongo wa msituni na samadi iliyooza, uiweke kivulini upande ambao baba anapita kwenda bombani, na uimwagilie jioni. Masika yakianza mwezi Machi itakuwa tayari kurudi ardhini, pale mtakapokuwa mmeelekezana. Nadhani utaona kwamba siku ambazo unachelewa kurudi, kuna mtu mwingine ameshaimwagilia.